Takwimu za besiboli Japani na Marekani: homrani 50 za Tokyo ni ngapi New York?

MgosiWaChumbageni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za mchana.

Pale kijiweni Barabara ya 8, Ngamiani, ubishi umehama kwenye soka. Mechi za Japani zikianza saa 12 jioni ya Tokyo, huku Tanga ni saa 6 mchana, kahawa bado ya moto, simu ziko mezani. Kundi moja linasema Sadaharu Oh wa Japani ana homrani (mpigo unaovusha mpira nje ya ukuta) 868 na Barry Bonds wa Marekani ana 762, kesi imefungwa. Kundi la pili linasema homrani za Japani ni za ndondo, ukizipeleka Marekani zinanywea.

Nimeamua kutengeneza jedwali la Excel ili tubishane kwa namba. Nilianza na Hideki Matsui: mwaka 2002 akiwa Yomiuri Giants alipiga homrani 50, mwaka 2003 akiwa New York Yankees akapiga 16. Nikagawanya, nikapata 0.32, nikaizidisha kwa kila mtu. Munetaka Murakami wa 56 mwaka 2022 akawa na 18. Sawa, inaingia akilini. Lakini Shohei Ohtani ndiye aliyenivuruga: 2016 akiwa Nippon-Ham alipiga 22, kipimo changu kinampa 7 Marekani, na yeye mwaka wake wa kwanza kule, 2018, akapiga 22 zilezile. Tena kwa zamu (mara za kusimama kupiga, bila zile za kutembezwa) zinazokaribiana kabisa, 323 Japani na 326 Marekani.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Moja, uwiano sahihi ni upi? Pili, ERA za warushaji (mikimbio halali anayoruhusu mrushaji kwa kila awamu 9) nikizipiga mwenyewe zinapishana na zilizochapishwa kwa tone dogo. Masahiro Tanaka 2014 imeandikwa 2.77, mimi napata 2.78. Nimerudia mara tatu.

Nawasilisha.

---

Raskazone_Hesabu

Mgosi, kosa lako halipo kwenye 0.32. Lipo kwenye kutafuta namba moja. Mpigaji akivuka bahari, mambo manne yanabadilika kila moja kwa kiwango chake: anatolewa kwa straiki (tatu zikimfikia yuko nje) mara ngapi, anatembezwa (anapewa kituo cha kwanza bure kwa mipira minne mibovu) mara ngapi, mpira anaougusa unavuka ukuta mara ngapi, na ule usiovuka unaangukia mahali pasipo mtu mara ngapi. Ukiyafunga yote kwenye furushi moja unapoteza habari yote iliyokuwa ndani.

Kwanza acha kuhesabu homrani kwa msimu. Japani sasa wanacheza mechi 143, Marekani 162. Hata sifa ya kuingia kwenye orodha ya wapigaji bora inatofautiana. Kote wanadai mtu asimame kupiga mara 3.1 kwa kila mechi ya timu, kutembezwa kukiwemo, ila 143 inatoa mara 443 na 162 inatoa 502. Kwa hiyo kila kitu kigawe kwa zamu.

Homrani zigawe kwa zamu za kugusa, yaani zamu zinazohesabiwa ukitoa zile alizotolewa kwa straiki. Kwa Matsui:

2002 Yomiuri: zamu 500, straiki 104, zinabaki 396. Homrani 50 ni asilimia 12.6.
2003 Yankees: zamu 623, straiki 86, zinabaki 537. Homrani 16 ni asilimia 3.0.
2004 Yankees: zamu 584, straiki 103, zinabaki 481. Homrani 31 ni asilimia 6.4.

Ukitumia 2003 peke yake uwiano ni 0.24. Ukitumia 2004 peke yake ni 0.51. Mtu yuleyule, jezi ileile, umri umeongezeka mwaka mmoja tu. Kisha ukaja kumhukumu Murakami kwa mwaka mmoja wa Matsui! Chukua angalau misimu miwili kila upande. Ukiunganisha 2003 na 2004 unapata 47 kwa 1,018, asilimia 4.6, na uwiano wa 0.37. Hata hapo umeacha 2001 upande wa Japani. Iongeze mwenyewe.

Sasa mtazame Masataka Yoshida, ndiye anayeonyesha vizuri kwa nini tunatenganisha. 2022 akiwa Orix alisimama mara 508: alitembezwa mara 80, akatolewa kwa straiki 41 tu, wastani (hiti, yaani mipigo iliyomfikisha kituoni salama, ugawe kwa zamu) 0.335, homrani 21. 2023 akiwa Boston alisimama mara 580: alitembezwa 34, straiki 81, wastani 0.289, homrani 15.

Kutembezwa kulishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 5.9. Straiki zikapanda kutoka 8.1 hadi 14.0. Homrani kwa zamu za kugusa, 21 kwa 371 dhidi ya 15 kwa 456: kutoka 5.7 hadi 3.3, uwiano 0.58. Ila mipira iliyobaki uwanjani (hiti bila homrani, ugawe kwa zamu za kugusa bila homrani) ilitoka 0.334 ikafika 0.317. Uwiano 0.95! Yaani jamaa aligusa mpira vizuri karibu kama kwao. Kilichoporomoka ni nguvu ya kuvusha ukuta, na ile heshima ya kukwepwa na warushaji. Ungemwekea 0.32 yako kila mahali ungemzika mtu mzima.

Ukishapata uwiano wa kila mmoja, wachanganye kwa uzito. Uzito ni ile idadi ndogo kati ya zamu za kugusa za pande mbili. Matsui: 396 na 1,018, chukua 396. Yoshida: 371 na 456, chukua 371. Zidisha kila uwiano kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito. Kwa hao wawili inatoka kama 0.47. Mwongeze Ohtani mwenye uwiano wa 1.0 na uzito wa kama 224, namba inaruka hadi 0.59. Umeona mtu mmoja anavyoweza kuvuta mkokoteni? Ndiyo maana watu wawili watatu hawatoshi, tafuta hata kumi na tano. Na Ohtani wako umemkosea pia: umelinganisha 2016 na 2018 ukaruka 2017, msimu aliocheza mechi 65 tu na kupiga homrani 8. Kijana wa miaka 21 na yule wa miaka 23 si mtu mmoja kwa mwili. Tumia misimu inayogusana.

---

DadaMkonge

Naongezea pale Raskazone alipoishia. Kabla ya kulinganisha Japani na Marekani, mlinganishe mtu na ligi yake ya mwaka ule. Mpira wenyewe hubadilika, na mfano mkali zaidi upo hukohuko Japani.

Mwaka 2010 ligi mbili za Japani, Central na Pacific, zilipiga homrani 1,605 kwa pamoja. 2011 wakaleta mpira mmoja kwa timu zote 12, wa Mizuno, usioruka sana. Homrani zikashuka hadi 939, mwaka uliofuata 881. 2013 zikapanda hadi 1,311, wachezaji wakashangaa, na Juni mwaka huohuo ligi ikakiri kwamba mpira ulibadilishwa kimyakimya. Kamishna Ryozo Kato akaachia ngazi. Na huo 2013 ndio mwaka Wladimir Balentien wa Yakult alipopiga 60 na kuvunja rekodi ya 55 iliyokuwepo tangu Oh mwaka 1964. Simnyang'anyi rekodi yake, nasema safu ya mwaka ni lazima iwemo kwenye jedwali.

Mnaotaka kuona hili kwa karibu, mtazameni Takeya Nakamura wa Seibu 2011. Alipiga homrani 48 kwa ule mpira mzito. Timu nzima ya Chiba Lotte mwaka huo ilipiga 46. Nakamura peke yake alibeba zaidi ya asilimia 5 ya homrani zote za nchi. Ukimweka safu moja na 48 ya mwaka mwingine unamdhulumu.

Kuna na mtego wa DH, yule mpigaji anayesimama badala ya mrushaji. Pacific League wanaye tangu 1975. Central League wameendelea bila yeye na wanaanza kumtumia 2027. Marekani, National League, moja ya ligi mbili za kule, walimkubali moja kwa moja 2022. Maana yake wastani wa ligi ya Central umebeba warushaji wanaopiga hewa, kwa hiyo mpigaji wa Central anaonekana yuko juu ya ligi yake kuliko alivyo kweli. Ondoa namba za warushaji kwenye wastani wa ligi kabla ya kugawanya. Ukishindwa kuzipata, linganisha Central na National League ya kabla ya 2022, angalau wote walikuwa na ugonjwa mmoja. (Ruka 2020, mwaka wa korona, maana DH alitumika ligi zote mbili za Marekani.)

Halafu viwanja. Jingu, nyumbani kwa Yakult, ni kidogo, homrani zinatoka kirahisi. Uwanja wa Nagoya hadi 2025 ulikuwa na umbali wa mita 100 hadi nguzo za pembeni, katikati mita 122, na ukuta wa kimo cha mita 4.8. Mpigaji wa Nagoya mwenye 25 na wa Jingu mwenye 35 wanaweza kuwa mtu na pacha wake. Njia rahisi: chukua namba zake za ugenini tu, zizidishe mara mbili, uone kama picha inabadilika. Haina usahihi wa kujivunia, ila inaonyesha haraka nani anabebwa na uwanja.

---

MzeeWaSafu

Hilo la 2.78 ni dogo na linawapata wengi. Awamu za Tanaka, 136.1, siyo 136 na sehemu moja ya kumi. Ile .1 ni mtu mmoja aliyetolewa kati ya watatu, yaani theluthi. Na .2 ni theluthi mbili. Magazeti ya Japani huandika 1/3 wazi, ndiyo maana upande wa Japani haukukusumbua.

Kama awamu ziko A2, kwenye B2 andika:

=INT(A2)+(A2-INT(A2))*10/3

136.1 inakuwa 136.333. Tanaka aliruhusu mikimbio halali 42: 42 mara 9 ni 378, gawanya kwa 136.333, unapata 2.77. Ukigawanya kwa 136.1 ndiyo ile 2.78 yako. Na usijumlishe kamwe awamu za misimu kadhaa kabla ya kuzigeuza, 0.2 na 0.2 zitakupa 0.4 ambayo haipo duniani. Jibu ni 1.1.

Mkiwa mnanakili kwa kutumia tafsiri ya mashine, wastani wa kupiga kwa Kijapani husomwa wari, bu, rin. Ichiro Suzuki, mpigaji wa Japani aliyevuka kwenda Marekani, wa 0.353 ni wari 3, bu 5, rin 3. Herufi ya bu ndiyo hiyohiyo inayoandika dakika, kwa hiyo msishangae mkiona mtu amepiga "dakika 5".

Turudi kwa warushaji. Hapa watu huteleza kwa kudhani kila kitu kinashuka wakivuka. Mchukueni Yoshinobu Yamamoto. 2023 akiwa Orix: awamu 164, straiki 169, homrani alizoruhusu 2, ERA 1.21. 2024 akiwa Los Angeles Dodgers: awamu 90, straiki 105, homrani 7, ERA 3.00. Kwa kila awamu 9, straiki zilipanda kutoka 9.3 hadi 10.5. Zilipanda! Wapigaji wa Marekani wanafyatua kwa nguvu zote na hawaoni haya kukosa, wa Japani wakishafika straiki mbili wanafupisha gongo wanatafuta kugusa tu. Homrani nazo zikatoka 0.11 hadi 0.70, zaidi ya mara sita. Sababu ni ileile ya kufyatua kwa nguvu. Kwa hiyo msitumie ERA kumvusha mrushaji. Vusheni straiki peke yake, kutembeza peke yake na homrani peke yake, kisha mjenge ERA upya kutoka hapo.

Kuna mambo mawili ya mkononi ambayo hayaonekani kwenye jedwali. Mpira wa Mizuno unanata kidogo ukitoka kwenye boksi. Ule wa Rawlings wa Marekani unateleza hadi unapakwa tope maalumu la kutoka bonde la mto Delaware kabla ya mechi, na hata hivyo warushaji wa Japani huhitaji muda kuuzoea, hasa mipira inayotegemea kubana kwa vidole. Pili ni mapumziko: Japani mrushaji anayeanza mechi kwa kawaida hurusha mara moja kwa wiki, Marekani ratiba humrudisha baada ya siku nne au tano. Ukiona mtu kashuka Agosti, usiseme ligi imemshinda kabla hujahesabu siku zake za kupumzika.

Na uwanja humbeba au kumwangusha mrushaji vilevile. Hiroki Kuroda aliondoka Hiroshima baada ya 2007 akiwa na ERA ya 3.69, akamaliza miaka saba ya Marekani na 3.45. Alishuka, yaani alikuwa bora kwenye ligi ngumu zaidi. Uwanja wa zamani wa Hiroshima ulikuwa mdogo, kila mpira wa juu ni mashaka. Aliyemtazama kwa ERA tupu alimwona wa kawaida.

---

MgosiWaChumbageni

Nimewasoma wakuu, shukrani. ERA zimekaa sawa sasa, Tanaka 2.77 safi.

Nimevunja jedwali lote nikaanza upya. Maswali mawili yamebaki. Ichiro nimemweka, wastani Japani 0.353 na Marekani 0.311, uwiano 0.88. Matsui 0.304 na 0.282, uwiano 0.93. Je, niseme wastani unashuka kama asilimia 10 na nifunge? Na huyu Oh nimvushe vipi, maana kijiweni wananisubiri yeye tu.

---

Raskazone_Hesabu

Usifunge. Namba za maisha yote zinachanganya ujana wa Japani na uzee wa Marekani. Ichiro alicheza Marekani hadi anafikisha miaka 45, miaka ya mwisho imemvuta chini. Ukitaka kuona kweli yake, tazama vilele: 1994 alipiga hiti 210 kwa mechi 130, ni 1.615 kwa mechi. 2004 alipiga 262 kwa mechi 161, ni 1.627. Tofauti yake ni ya kufutika kwa kifutio. Ila homrani zake zilitoka 118 kwa zamu 3,619 hadi 117 kwa zamu 9,934. Mtu mmoja, kipimo kimoja hakikusogea, kingine kilibaki theluthi.

Jambo lingine: wanaovuka si sampuli ya haki. Wanaokwenda Marekani ni waliotoka kwenye misimu mizuri kabisa, na msimu mzuri kabisa huwa umebeba bahati. Lazima washuke kidogo hata wangebaki Tokyo. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha, vuta namba ya mtu kidogo kuelekea wastani wa ligi yake. Kwa homrani hata robo ya tofauti inafaa, na anayesimama mara chache umvute zaidi.

Mpangilio wa hesabu kwa Murakami uwe hivi, nakupa mfano wa hatua tu, si utabiri: 2022 zamu 487, straiki 128, zamu za kugusa 359, homrani 56, asilimia 15.6. Zidisha kwa 0.47 ya wale wawili, upate 7.3. Sasa usizidishe kwa 359. Kule atatolewa kwa straiki zaidi. Tuseme zamu 520, straiki 180, zinabaki 340. 340 kwa asilimia 7.3 ni homrani 25. Na hapo bado hujamvuta kuelekea wastani wala hujamtoa Jingu. Aliyeanza na 56 akazidisha mara moja hatapita njia hii, atapata namba na hatajua imetoka wapi.

---

DadaMkonge

Ongeza na wanaokwenda upande wa pili, jedwali lako lina njia moja tu. Cecil Fielder alikuwa na homrani 9 Toronto mwaka 1988, akaenda Hanshin 1989 akapiga 38 kwa mechi 106, akarudi Detroit 1990 akapiga 51. Balentien huyohuyo wa 60 alikuwa na homrani 15 tu katika mechi 170 za Marekani. Tuffy Rhodes ana 13 Marekani na 464 Japani. Ukiwapima wa kwenda peke yao unapata daraja moja, wa kurudi wanakupa jingine, na la kweli liko katikati. Wageni wanaoboronga Japani nao hufungishwa virago mapema, kwa hiyo waliobaki kwenye orodha ni wale waliozoea.

---

MzeeWaSafu

Kwa Oh, mgosi, usimvushe. Daraja la kumpitisha halipo. Alicheza 1959 hadi 1980, na katika miaka yote hiyo Mjapani pekee aliyecheza ligi kuu ya Marekani ni mrushaji Masanori Murakami, 1964 na 1965. Baada yake hakuna hadi Hideo Nomo 1995. Uwiano uliojengwa kwa Matsui na Yoshida ni wa mpira mwingine, warushaji wengine na viwanja vingine.

Unachoweza kupima ni alivyoizidi ligi yake. Aliongoza homrani Central League mara 15, kati ya hizo mara 13 mfululizo, 1962 hadi 1974, na misimu yao ilikuwa ya mechi 130 hadi 140. Weka safu ya "mara alizoongoza ligi" kwa Oh na kwa Bonds, seli ya homrani za Oh kwa kipimo cha Marekani iache tupu, na wakiuliza kijiweni waambie itajazwa na atakayeleta wapigaji waliovuka miaka ya sitini.

Halafu rekebisha tarehe zako. Naona safu ya mechi za New York umeandika tarehe za simu yako. Mechi ya saa 1 na dakika 5 jioni ya kule kipindi cha kiangazi, Tanga ni saa 8 na dakika 5 usiku, kalenda imeshageuka. Ukizilinganisha na jedwali rasmi kila mechi ya usiku itaonekana imecheleweshwa siku moja, na kwenye siku za mechi mbili utarudia mstari uleule mara mbili.